VIA: kukagua na kuweka lebo kwenye picha zako ndani ya brauza bila kuziaplodi popote

Kama una folda imejaa picha na unatakiwa uzipitie moja moja, useme hii safi hii ina ukungu, uzungushie kitu fulani ndani yake alafu uandike ni nini, basi kaa hapa kidogo maana kuna kitu kinaitwa VIA, kirefu chake VGG Image Annotator, nakitumia sana na nakipenda kwa dhati. Nitasema kwa nini, na nitasema pia kinachosha wapi, maana si kila mtu kitamfaa.

Kwanza ni nini hasa. Ni faili moja tu ya HTML. Moja. Haifiki hata KB 400, yani picha moja ya kawaida ya simu ni nzito kuliko programu nzima. Unaidaunlodi, unabofya mara mbili, inafunguka kwenye brauza yako kama ukurasa wowote ule, basi umeshaanza kazi. Hakuna kuinstoli, hakuna akaunti, hakuna paswedi, hakuna seva ya kuwasha, hakuna kuomba ruhusa kwa mtu wa IT ambaye kompyuta ya ofisi ameifunga kila mahali. Ukitaka kumpa mwenzako unamtumia hilo faili au unamwekea kwenye flashi, imeisha hiyo. Ilitengenezwa na Abhishek Dutta akiwa na kundi la Visual Geometry Group la Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, kundi la Andrew Zisserman, na hao wawili waliielezea kwenye makala yao ya mkutano wa ACM Multimedia uliofanyika Nice, Ufaransa mwaka 2019. Ni programu huria, leseni yake ni BSD, kwahiyo unaweza kuitumia hata kwenye kazi ya biashara na ukitaka unafungua kodi yake unaisoma mwenyewe, imeandikwa kwa HTML, CSS na JavaScript tupu bila kutegemea maktaba za watu wengine. Hilo la mwisho watu wanalipita haraka ila ndio sababu faili ulilolidaunlodi zamani bado linafunguka leo, halina kitu cha nje cha kuita ambacho siku moja kitazimwa.

Sasa kilichonifanya niipende ni hili: picha zako zinabaki kwenye mashine yako. Huduma nyingi za kuweka lebo kwenye picha zinaanza na kukuambia jisajili, alafu aplodi. Unakaa unaangalia mstari unatembea, folda la picha nzito linakula bando, mtandao ukikatika katikati hujui zipi zimefika na zipi hazijafika, na zikishafika sasa ziko kwenye kompyuta ya mtu mwingine. Kuna huduma moja niliwahi kuitumia ambayo ukiwa kwenye mpango wa bure mradi wako unaonekana na kila mtu, na maelezo hayo yapo ila yamewekwa mahali ambapo huyaoni mpaka uyatafute. Kwa picha za mawe au mawingu labda sio tatizo. Lakini fikiria mtu anayekagua picha za vidonda vya wagonjwa, au picha za watoto darasani, au vitambulisho vilivyoskaniwa, au picha za ajali kwa ajili ya bima. Hizo sio zako peke yako, kuna binadamu ndani yake ambaye hakuulizwa kama anataka picha yake isafiri. Na hata ukidhani picha yako haina mtu, picha za simu mara nyingi zinabeba EXIF ndani yake, yani aina ya simu, saa, na kama GPS ilikuwa imewashwa basi na mahali penyewe ilipopigwa. Ukiaplodi picha umeaplodi na hayo yote.

Watu wengine wananiuliza, mbona iko kwenye brauza, brauza si ndio intaneti? Hapana. Brauza ni programu ya kuendesha kurasa, na ukurasa unaweza kuwa umekaa kwenye diski yako mwenyewe. Ukibofya kitufe cha kuongeza picha, linafunguka lile dirisha la kawaida la kuchagua mafaili, wewe ndio unachagua, na ukurasa unapewa ruhusa ya kusoma yale uliyochagua tu, sio folda nzima, sio diski nzima. Hata njia kamili ya faili lilipo brauza inauficha ukurasa, ndio maana Chrome ukichungulia inaonyesha C:\fakepath\ badala ya jina la folda lako la kweli. Picha inasomwa inaingia kwenye memori ya kompyuta, inachorwa kwenye skrini, basi. Ili itoke nje lazima kodi ya ukurasa iitume kwa makusudi. Na huhitaji kuniamini mimi wala mtu yeyote, zima wifi, fungua VIA, ongeza picha, chora, sevu. Kila kitu kinafanya kazi. Au acha mtandao ukiwa umewashwa, bonyeza F12, nenda kwenye kichupo cha mtandao uangalie wakati unachora, utaona kimya. Hilo jaribio nalipendekeza kwa kila chombo kinachosema picha zako haziondoki, sio hiki tu, lifanye kabla ya kuweka picha za kweli.

Haya tuingie kwenye kazi yenyewe. Mfano wangu ni picha za majani ya mimea yenye magonjwa, kazi ni kuonyesha madoa yako wapi na ni ya aina gani. Unabofya kitufe cha kuongeza mafaili, ndani ya folda unabonyeza Ctrl na A kuchagua zote, na orodha ya majina inajaa upande wa kushoto. Juu kuna maumbo ya kuchagua: mstatili, duara, yai, poligoni, nukta, na mstari wa pointi nyingi unaopinda (polyline). Mstatili unashika kona unaburuta unaachia. Mara nyingi unatosha. Ila doa la ugonjwa kwenye jani haliko mraba hata siku moja, linaanza dogo la kahawia, linanyooka kufuata mshipa wa jani, alafu pembeni linakuwa na utepe wa njano ambao hujui uuhesabu ndani au uuache nje, na hapo ndio poligoni inafanya kazi yake. Unakuza picha kwa kitufe cha kujumlisha, unabofya pointi ya kwanza ukingoni, ya pili, ya tatu, unalizunguka doa taratibu, ukikosea pointi moja Backspace inaifuta hiyo ya mwisho tu na unaendelea, ukichoka na doa zima unabonyeza Esc linafutika, ukimaliza Enter inafunga umbo. Ukirudia kulichagua hilo umbo pointi zote zinaonekana na unaweza kuishika moja ukaisogeza. Mkono ukishazoea hata huangalii tena menyu.

Kibodi ndio siri ya kasi hapa. N inakupeleka picha inayofuata, P inakurudisha, C inakopi umbo, V inapesti, D inafuta, A inachagua maumbo yote, mishale inasogeza umbo kidogo kidogo. Hiyo ya kukopi na kupesti nimeipenda kwa picha ambazo kamera imesimama mahali pamoja, kitu kiko pale pale kila picha, unakopi kisanduku picha ya kwanza, N, V, unasogeza kwa mishale, N, V, ivo ivo. Kazi ya kuchosha inakuwa nyepesi.

Lakini mtu akiniuliza uhai wa VIA uko wapi, siwezi kusema kwenye maumbo, nitasema kwenye sifa. Kuna sifa za eneo na kuna sifa za faili, na tofauti yake ukiielewa mapema utaokoa kazi nyingi sana. Sifa ya eneo ni maelezo ya umbo ulilochora, mfano aina ya doa, ukali wake. Sifa ya faili ni maelezo ya picha nzima, mfano ubora wa picha, nani alipiga, inafaa au haifai. Kila sifa unaipa aina, inaweza kuwa ya kuandika maneno, orodha ya kushuka ya kuchagua, vitufe vya kuchagua kimoja, visanduku vya kutiki vingi, hata picha ndogo ndogo za kubofya. Na hapa nasema kwa msisitizo, kama majibu yanajulikana usiweke sifa ya kuandika maneno. Weka orodha. Maana ukiacha watu waandike, huyu ataandika doa, yule Doa kwa herufi kubwa, mwingine madoa, mwingine ataacha nafasi mwishoni ambayo hakuna anayeiona, alafu siku ya kuhesabu kompyuta inakuambia una aina nne za ugonjwa wakati ni moja. Orodha inamaliza ugomvi huo kabla haujaanza. Pia orodha inakulazimisha ukae chini na wenzako mkubaliane kabla, hili la njano pembeni ni doa au sio doa, picha yenye ukungu kidogo tunaitupa au tunaibakiza, na makubaliano hayo ni nusu ya kazi yote.

Ukishaziseti sifa unaweza kuzisevu peke yake kama faili dogo la JSON, yani maandishi yaliyopangwa ili programu iyasome, na kumpa mwenzako, naye anaziingiza kwake, mnakuwa na orodha moja, majina yale yale herufi kwa herufi. Kwa timu ya watu wachache hiyo inatosha kabisa, mnagawana mafolda, kila mtu na lake, mwisho mnaunganisha.

Sasa kwa wale ambao kazi yao sio kuchora ila ni kukagua tu, yani kupita picha na kusema ndiyo au hapana, VIA inawafaa kuliko inavyosifiwa. Tengeneza sifa moja ya faili, iite hali, weka vitufe vitatu: safi, ukungu, rudia. Hakuna haja ya kuchora chochote. Unapita picha kwa N, unabofya kitufe, N, unabofya. Alafu kuna mwonekano wa gridi, picha zote zinajipanga ndogo ndogo kwenye skrini, na unaweza kuziambia zijikusanye kwa makundi kufuata sifa fulani. Hapo ndio utamu ulipo. Unakusanya zote zilizowekwa safi, unaziona pamoja, na ile moja yenye ukungu iliyopita kimakosa inajitokeza yenyewe katikati ya wenzake, jicho linaikamata mara moja kitu ambacho ukiangalia picha moja moja huwezi kukiona. Na ukiwa kwenye gridi unaweza kuchagua picha nyingi ukazibadilishia sifa kwa mpigo. Mimi naona mtu yeyote anayekagua kazi ya wengine aanzie kwenye gridi, asianzie picha ya kwanza.

Tuje kwenye kusevu, na hapa nitakaa kidogo maana ndipo watu wengi wanapoichukia VIA bila kuielewa.

Ukisevu mradi, brauza inadaunlodi faili la JSON kwenye folda lako la vitu vilivyodaunlodiwa, jina lake linaanza na via_project na kufuatiwa na tarehe na saa. Ukisevu tena inadaunlodi lingine. Na tena. Jioni una mafaili kadhaa yanayofanana majina. Haliandiki juu ya lile la kwanza kwa sababu ukurasa wa kawaida hauna ruhusa ya kugusa diski yako, ule ule ulinzi uliokufurahisha mwanzo ndio huu hapa unakusumbua. Kwahiyo nidhamu ni yako: sevu mara kwa mara, kila ukimaliza kundi la picha sevu, na ukimaliza siku chukua lile la mwisho peleka kwenye folda la picha zenyewe, mengine yahamishie folda la akiba. Usitegemee brauza ikukumbukie, kichupo kikifungwa au umeme ukikatika usidhani kazi ambayo hujasevu utaikuta.

Jambo la pili, ndani ya hilo faili la JSON hakuna picha. Kuna majina ya picha, vipimo vya maumbo na sifa. Ndio maana ni jepesi, unaweza kulituma kwa barua pepe. Ila ukilifungua kesho, VIA inajua majina lakini picha zenyewe hazioni, inakuambia haizipati, na wewe inabidi uongeze mafaili yale yale tena ndio maumbo yanajipachika mahali pake. Au uende kwenye mipangilio uandike njia ya folda. Mara ya kwanza inashtua, mtu anadhani kazi imepotea. Haijapotea, ongeza picha tu.

La tatu ndilo muhimu kuliko yote na sioni watu wakilisema. VIA inaitambua kila picha kwa jina lake likiunganishwa na ukubwa wake kwa baiti. Fungua JSON kwa programu yoyote ya maandishi utaona, jina la picha na mbele yake namba imegandana nalo, hiyo namba ni baiti. Maana yake nini? Maana yake ukishaanza kazi usizikompresi picha, usizipunguze ukubwa, usizibadilishe jina, usizipitishe kwenye programu za kuchati ambazo zinabana picha kimya kimya alafu umtumie mwenzako akuendelezee. Picha itaonekana ile ile kwa macho lakini baiti zimebadilika na kwa VIA hiyo ni picha nyingine kabisa, maumbo hayaji. Kama unataka kupunguza ukubwa, fanya kabla, tengeneza folda la mwisho, lifunge, ndio uanze kuchora. Na ukituma kwa mwenzako tuma kwenye zipu.

Kuna vyombo vipya vya brauza vinavyotumia njia nyingine, ile iliyoingia Chrome 86 mwaka 2020, ambapo ukurasa unakuomba ruhusa ya folda nzima na ukikubali unaweza kusoma na kuandika humo humo, kusevu kunakuwa kusevu kweli. Ni raha. Ila Firefox na Safari hazikuikubali hiyo ya kuchagua folda la diski namna hiyo, kwahiyo chombo cha aina hiyo kinakufunga kwenye Chrome, Edge na ndugu zao. VIA 2, yani toleo la picha ninaloliongelea hapa, imebaki na njia ya zamani inayofanya kazi kila brauza. Mimi nikichagua, nachagua usumbufu wa kudaunlodi JSON kuliko kumwambia mwenzangu badilisha brauza kwanza.

Kitu kingine cha kuangalia, picha za simu zilizopigwa wima. Simu nyingi hazizungushi picha yenyewe, zinaihifadhi imelala alafu zinaandika kwenye EXIF kwamba mwonyeshaji aizungushe. Tangu mwaka 2020 brauza kubwa zote zinaitii hiyo alama zenyewe, kwahiyo wewe unaiona wima na unachora kwenye picha iliyo wima. Alafu mtu wa programu anaichukua picha kwa lugha ya Python akitumia maktaba ya picha iitwayo Pillow, na Pillow ikifungua picha haiizungushi mpaka uiambie kwa exif_transpose, matokeo yake visanduku vyote vinaangukia hewani, doa liko huku kisanduku kiko kule. OpenCV, maktaba nyingine ya picha, kwa kawaida yake inazungusha, kwahiyo watu wawili wanaweza kuwa na data ile ile na mmoja anasema iko sawa mwingine anasema mmechora ovyo. Mimi nazinyoosha picha zote kabla ya kuanza, nazungusha kweli kweli na kufuta alama, ugomvi unaisha.

Aina za picha ni zile brauza yako inazoweza kuonyesha. JPEG, PNG, WebP hazina shida. HEIC za iPhone zinafunguka Safari mpya, kwingine badilisha ziwe JPEG kwanza. TIFF nazo ni hivyo hivyo. RAW za kamera sahau.

Kuhusu uzito, faili la JPEG la MB chache likifunguliwa linavimba. Picha ya pikseli 4000 kwa 3000 ni pikseli milioni 12, kila moja inachukua baiti 4 kwenye memori, hiyo ni karibu MB 48 kwa picha moja. VIA haifungui zote kwa wakati mmoja, lakini inashikilia za jirani ili N iwe ya haraka, na laptopu yenye RAM ndogo inaanza kuhema. Gawa folda. Folda dogo pia linarahisisha kusevu na likiharibika kitu unapoteza kidogo.

Kutoa matokeo kuna CSV (meza ya maandishi), JSON na COCO (mpangilio wa JSON unaotumika sana kwenye kazi za akili bandia). CSV inafunguka kwenye Excel ila usitarajie meza safi, kila mstari ni eneo moja, na ndani ya seli ya umbo kuna JSON imekaa na alama za kunukuu zake, mtu asiyejua kodi atapata tabu hapo. COCO ndio naitoa kama kazi inakwenda kufundisha modeli, yani programu ya akili bandia inayojifunza kutambua vitu kwenye picha, kisanduku chake ni x na y ya kona ya juu kushoto, upana, na urefu, kwa pikseli. Ukitaka mpangilio wa YOLO, ule wa modeli za kutambua vitu zenye jina hilo, VIA 2 haitoi, unaandika skripti fupi: katikati ya kisanduku kwa x ukigawa kwa upana wa picha, katikati kwa y ukigawa kwa urefu wa picha, alafu upana na urefu wa kisanduku nao ugawe hivyo hivyo, kila namba iwe kati ya 0 na 1. Sio kazi kubwa ila kwa mtu asiyeandika kodi ni ukuta.

Na kwa mtu huyo nitamwambia aangalie makesense.ai, ya Piotr Skalski, nayo ni huria na inafanya kazi ndani ya brauza bila kuaplodi picha, inatoa YOLO moja kwa moja na inaweza kukupendekezea visanduku kwa modeli inayoendeshwa humo humo kwenye mashine yako. Muonekano wake ni wa kisasa, VIA ukiiweka pembeni yake inaonekana kavu, maandishi madogo, rangi za kijivu. Ila kwa sifa nyingi kwa kila eneo, na kwa kukagua picha nzima nzima bila kuchora, bado narudi VIA. Kama mko watu wengi na mnahitaji kuona nani amefanya nini, kazi ipangiwe mtu, ikaguliwe, irudishwe, hapo hakuna faili moja la HTML litakalowasaidia, wekeni CVAT au Label Studio, programu za kuweka lebo kwa timu, kwenye seva yenu wenyewe, picha zitabaki kwenu ila muwe na mtu wa kuitunza hiyo seva. Na kwa simu usijisumbue, VIA inataka kipanya na kibodi.

Unapoidaunlodi chukua toleo la 2 kwa ajili ya picha, toleo la 3 limelenga zaidi video na sauti na mpangilio wake ni tofauti. Ndani ya zipu utakuta faili la via.html ambalo ndilo la kazi, na lingine la demo lenye picha za mfano na maumbo yaliyokwisha kuchorwa. Anza na hilo la demo, bofya maumbo yake, badilisha sifa, fungua gridi, sevu mradi uone faili linaangukia wapi, na hapo zima wifi ufanye lile jaribio kabla hujaweka picha zako.